Jinsi ya kutengeneza OLED ya buluu, kisha kuigeuza nyeupe

Katika taa na skrini za OLED (tabaka nyembamba za kemikali za kaboni zinazowaka umeme unapopita), buluu ndiyo rangi inayosumbua. Nyekundu na kijani zilipata zamani molekuli za fosforesensi zinazodumu, lakini buluu ya skrini nyingi za simu imeendelea kutegemea fluoresensi, ambayo hutupa sehemu kubwa ya umeme unaoingizwa. Sababu inaonekana kwa hesabu ndogo. Gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, utapata nishati katika elektrovolti (eV). Buluu ya nanomita 470 inabeba eV 2.64. Viungo dhaifu ndani ya molekuli hizi, kama vile vya kaboni na nitrojeni, huvunjika kwa nishati isiyo mbali sana na eV 3. Eksitoni mbili (vifurushi vya nishati ambavyo umeme huzalisha ndani ya molekuli) zikigongana, jumla yake inapita eV 5, na molekuli inakatika. Kwa hiyo kila uamuzi ulio hapa chini, kuanzia usafi wa kioo hadi unene wa tabaka, una kazi ya kuipunguzia buluu mateso.

Mwongozo huu unajenga kifaa kimoja kwa mmumunyo katika maabara ya chuo. Unaanza na buluu. Ikishatulia, unatia chembe ya kemikali ya rangi ya chungwa katika mmumunyo uleule na kupata nyeupe. Usiruke hatua ya kwanza. Ukikimbilia nyeupe mapema, kasoro za buluu zitajificha nyuma ya chungwa na hutajua pa kuzitafuta.

Molekuli ipi, na ndani ya mwenyeji gani

Umeme ukikutanisha elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni), eksitoni zinazozaliwa hugawanyika katika aina mbili: asilimia 25 ni singleti na 75 ni tripleti. Molekuli ya fluoresensi hutumia singleti peke yake. Molekuli yenye iridiamu hutumia zote, kwa sababu atomu hiyo nzito huiruhusu tripleti kutoa mwanga. Tangu 2012, kundi la Chihaya Adachi katika Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, lilionyesha njia ya tatu: molekuli isiyo na metali ghali ambayo tripleti yake hupandishwa na joto la kawaida la chumba hadi kuwa singleti, kisha hutoa mwanga. Njia hiyo inaitwa TADF, na tutairudia mwishoni.

Kwa anayeanza tunapendekeza FIrpic. Ni ya iridiamu, inauzwa na wauzaji wengi wa kemikali za OLED, inayeyuka vizuri katika klorobenzini na tabia zake zinajulikana kwa kina. Lakini uijue rangi yake: kilele kiko karibu na nanomita 470, na bega pana karibu na 500. Kwa Kiswahili tuna bahati ya kuwa na neno lake kamili: hiyo ni samawati, si buluu. Katika chati ya CIE, inayoitaja kila rangi kwa namba mbili, x na y, huangukia karibu na (0.17, 0.35). Haifai kwa skrini. Kwa taa nyeupe inafaa sana, kwa kuwa bega lile la 500 hujaza sehemu ya kijani ambayo ingebaki tupu.

FIrpic haiwekwi peke yake. Ikisongamana, molekuli zake huzimana. Huchanganywa kwa asilimia chache, kama mgeni, ndani ya kemikali nyingine inayoitwa mwenyeji, na hapa ndipo wengi hukosea. Tripleti ya mwenyeji lazima iwe juu kuliko ya mgeni. Maji hufuata mkondo, na nishati nayo huteremka kuelekea pa chini. Tripleti ya FIrpic iko karibu na eV 2.65. Ukiiweka ndani ya CBP, ambayo ni mwenyeji mzuri wa kijani lakini ana eV 2.56 tu, nishati inarudi kwa mwenyeji na kufia humo. Utaona kifaa kinapitisha umeme vizuri na kinatoa mwanga hafifu, na unaweza kupoteza wiki nzima ukilaumu kathodi (upande wa metali unaoingiza elektroni). Mwenyeji mwingine, mCP, ana karibu eV 2.9, nayo inafaa. Katika mwongozo huu tunatumia polima ya PVK kubeba matundu na OXD-7, yenye karibu eV 2.7, kubeba elektroni. Tofauti kati ya OXD-7 na FIrpic ni nyembamba, ila inatosha.

Mmumunyo

Kwa mililita 2 za klorobenzini kavu:

PVK (uzito wa molekuli karibu 1,100,000): miligramu 20
OXD-7: miligramu 8
FIrpic: miligramu 2

Yaani 100:40:10 kwa uzito. Pima kila kimoja katika kichupa chake, kisha unganisha. Funga kichupa kwa karatasi ya alumini, koroga kwa sumaku usiku kucha kwenye nyuzi 60, halafu chuja kwa kichujio cha PTFE cha mikromita 0.45. Usitumie cha 0.2: minyororo ya PVK ni mirefu, itaziba kichujio, na kitakachopita kitakuwa na PVK pungufu kuliko ulivyopima. Klorobenzini hupenya glovu za nitraili haraka, kwa hiyo zibadilishe mara tu zinapolowa, na kama huna sanduku la glovu la nitrojeni fanya kazi ndani ya kabati lenye feni ya kufyonza hewa.

Kabla ya kugusa kioo, fanya jaribio moja la dakika kumi. Weka matone machache ya mmumunyo katika kichupa safi, ongeza klorobenzini hadi ukaribie rangi ya maji, kisha zima taa za chumba na umulike kwa tochi ya UV ya nanomita 365. Kama kichupa kina hewa, utaona samawati iliyopauka, kama inayotoka nyuma ya pazia. Sasa pitisha nitrojeni taratibu kwa sindano, viputo vidogovidogo, kwa dakika kumi, ukiendelea kumulika. Mwanga utapanda mbele ya macho yako hadi kichupa kizima king'ae. Ukiacha mfuniko wazi na kukitikisa, unafifia tena. Oksijeni ndiyo inayoila tripleti. Aliyeliona hilo mara moja hahitaji kuhubiriwa kwa nini kazi hii hufanyika ndani ya nitrojeni. Na kama mwanga haupandi hata baada ya nitrojeni, FIrpic yako si safi au ni ya zamani. Usiendelee nayo.

Kioo

Nunua vioo vilivyokwisha kuchorwa ITO (utando wazi unaopitisha umeme), vyenye unene wa nanomita 100 hadi 150 na ukinzani wa ohimu 10 hadi 15 kwa mraba. Visugue kwa kidole chenye glovu na sabuni ya maabara, kisha viweke katika bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 10 kila hatua: maji ya sabuni, maji yaliyoondolewa ayoni mara mbili, asetoni, isopropanoli. Vikaushe kwa nitrojeni, ukipuliza kuelekea ukingo mmoja. Ukiliacha tone likauke lenyewe, litaacha pete, na pete hiyo utaiona tena ikiwaka kama doa kwenye kifaa.

Maliza kwa UV na ozoni dakika 15. Kipimo rahisi: dondosha tone la maji kwenye kioo cha majaribio. Likisambaa lote, kioo kiko tayari. Likijikunja kama shanga, rudia.

Mara moja, kabla kioo hakijachafuliwa na hewa, mwaga PEDOT:PSS (polima inayoingiza matundu, aina ya AI 4083 iliyotengenezewa kazi hii) kupitia kichujio cha PVDF cha 0.45, zungusha mizunguko 4000 kwa dakika kwa sekunde 60. Utapata karibu nanomita 40. Futa pembezoni palipo na miguso ya umeme kwa pamba yenye maji, kisha kausha kwenye sahani ya moto, nyuzi 140 kwa dakika 20. Tabaka hili lina asidi na linapenda maji. Katika maabara ya mwambao, ambako hewa yenyewe inatoa jasho, linanyonya unyevu kwa muda mfupi kati ya sahani na sanduku. Rudia kukausha dakika 10 ndani ya sanduku lenyewe. Hatua hii ndogo huokoa vifaa vingi.

Tabaka la mwanga

Ndani ya sanduku la nitrojeni, lenye oksijeni na maji chini ya sehemu 1 kwa milioni kila kimoja, dondosha mikrolita 80 kwenye kioo cha milimita 20 kwa 15, hakikisha kimefunikwa chote, na uzungushe mizunguko 2000 kwa dakika kwa sekunde 60. Kausha nyuzi 80 kwa dakika 30. Usipandishe joto zaidi: OXD-7 hulainika, hujikusanya na kuwa fuwele, na utando unakuwa na ukungu.

Lengo ni nanomita 70 hadi 80. Mizunguko tuliyotaja ni ya kuanzia tu, kwa kuwa kila mashine na kila toleo la PVK hutofautiana. Toa kioo kimoja sadaka, kikwaruze kwa ncha ya kibanio na kipime kina cha mkwaruzo kwa profailomita. Nyembamba mno, umeme unavuja. Nene mno, unahitaji volti nyingi na rangi nayo inahama, kwa sababu tabaka ni kama kisanduku cha mwangwi: unene ukibadilika, lile bega la 500 linakua kuliko kilele cha 470, na samawati inaanza kufanana na kijani.

Utando mzuri ni wazi, hauna mikia ya nyota. Mkia wa nyota una punje ya vumbi kichwani. Kama kila kioo kina mikia, tatizo ni kichujio au kichupa.

Hatimaye futa pembezoni kwa pamba yenye klorobenzini kidogo ili miguso ya ITO iwe wazi.

Ombwe

Tabaka la elektroni huvukizwa, halizungushwi, kwa sababu vimiminiko vingi vinavyoweza kuliyeyusha vingeosha pia tabaka la chini. Subiri ombwe lifike milibari 10⁻⁶, kisha:

TPBi, nanomita 30, kwa mwendo wa 0.1 kwa sekunde.
Lithiamu floraidi, nanomita 1, kwa 0.01 kwa sekunde.
Alumini, nanomita 100. Nanomita 10 za kwanza kwa 0.1 kwa sekunde, halafu panda hadi 0.3.

TPBi inapitisha elektroni na kuzuia matundu yasikimbilie kathodi bila kutoa mwanga. Lithiamu floraidi ndiyo yenye ugumu. Kwa asili ni kihami. Inasaidia tu ikiwa nyembamba kiasi cha kuwa visiwa, ikigusana na alumini juu yake. Ikifika nanomita 2 au zaidi inaanza kuzuia umeme. Kipima unene cha fuwele ndani ya chemba hakijui kosa la asilimia 50 katika tabaka la nanomita moja isipokuwa umekirekebisha, basi kirekebishe kwa tabaka nene la majaribio kabla ya siku ya kazi. Na alumini ikimwagwa haraka mwanzoni, joto lake huchoma kemikali iliyo chini na chembe zake hupenya.

Funika bila kutoa vioo kwenye nitrojeni: kifuniko cha kioo, gundi ya epoksi ya UV pembezoni, na kipande cha kinyonya unyevu cha kalsiamu oksaidi ndani. Wakati wa kukausha gundi, ficha eneo la mwanga kwa karatasi ya alumini. UV inayogandisha gundi ndiyo hiyohiyo inayoharibu FIrpic.

Kupima, na kusoma kinachoharibika

Panda kutoka volti 0 hadi 12 kwa hatua za 0.2, ukiandika mkondo na mwangaza. Kifaa cha PVK cha namna hii huanza kuwaka kati ya volti 4 na 6. Kabla ya hapo, kwenye volti 1 au 2, mkondo uwe chini ya miliampea 0.001 kwa sentimita ya mraba. Ukizidi sana hapo, kuna njia ya mkato: vumbi, kioo kilichooshwa vibaya, au ncha kali ya ITO. Kifaa kizuri hupita kandela 10 kwa ampea.

Spektra (mchoro wa nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi) inasema mengi kuliko mwangaza, kwa hiyo isome kila mara.

Mwanga wa zambarau karibu na 410 hadi 420 ni PVK yenyewe inayowaka. Nishati haifiki kwa FIrpic. Ama uliipima pungufu, ama haikuyeyuka yote. Mwanga karibu na 390 ni TPBi: matundu yamevuka mpaka, na mara nyingi OXD-7 ni chache au tabaka la mwanga ni jembamba. Kilele kikiwa sahihi lakini mwanga hafifu na mkondo mkubwa, angalia lithiamu floraidi na usafi wa kemikali, kwa mpangilio huo.

Madoa meusi ya duara yanayokua siku hadi siku ni maji na oksijeni yakiingia kwa vitundu vya alumini na kuiachanisha na tabaka la chini. Tazama kwa darubini: kila doa lina punje katikati yake. Madoa yakianzia ukingoni na kuingia ndani, gundi haikuziba.

Na mwangaza ukishuka wote kwa pamoja, bila madoa, hiyo ni FIrpic inayovunjika. Kiungo chake cha pikolineti hutengana na iridiamu, na florini zake hung'oka. Usafi wa mikono hauponyi hili. Unaweza kulipunguza kwa kuendesha kifaa kwa mkondo mdogo, ili eksitoni zisigongane ovyo.

Neno moja kwa wanaotumia polima za polifluorini badala ya mchanganyiko huu: buluu yake ni nzuri siku ya kwanza, kisha kunatokea mwanga wa kijani karibu na 530. Hizo ni fluorenoni, zinazozaliwa oksijeni inapogusa polima ikiwa moto au ikiwa inawaka. Ukikausha polifluorini kwenye sahani iliyo nje ya sanduku, umekwisha kuiharibu kabla ya kuwasha.

Kutoka samawati hadi nyeupe

Wanaosuuza kanzu kwa nili wanajua kwamba jicho huona nyeupe pale manjano na buluu zinapolingana. Hapa tunaanza upande wa pili: samawati tunayo, tunaongeza kinachopungua.

Chukua chati ya CIE iliyochapwa na rula. Weka alama ya FIrpic kwenye (0.17, 0.35). Ukichanganya rangi mbili, matokeo yote yanakaa kwenye mstari unaoziunganisha. PO-01, ya manjano, iko karibu na (0.48, 0.51), chora mstari na uone kwamba kwenye x ya 0.33 unapita y ya karibu 0.43, yaani nyeupe yenye ukijani usiopendeza kwenye ngozi ya mtu. Ir(MDQ)₂(acac), ya chungwa iliyokaribia nyekundu, iko karibu na (0.60, 0.39). Mstari wake unapita karibu na y ya 0.37. Hiyo iko karibu zaidi na nyeupe ya (0.33, 0.33), na ndiyo tunayoichagua. Rula ya dakika mbili inaokoa kemikali ya wiki.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kiasi cha kustaajabisha, kwa kuwa nishati yote ya FIrpic inapenda kuteremkia chungwa, na elektroni na matundu nayo hunaswa humo. Mizani haiwezi kupima miligramu 0.02, kwa hiyo yeyusha miligramu 2 za Ir(MDQ)₂(acac) katika mililita 2 za klorobenzini. Mikrolita moja sasa ina mikrogramu moja. Tayarisha vichupa vinne vya mmumunyo wa samawati, mililita 2 kila kimoja, na utie mikrolita 10, 20, 40 na 80. Ukilinganisha na PVK hiyo ni asilimia 0.05, 0.1, 0.2 na 0.4. Tengeneza kifaa kwa kila kichupa siku moja, kwa kioo cha shehena moja, kisha chagua.

Usichague kwa kuangalia utando chini ya tochi ya UV. Tochi haitumii mitego ya umeme, kwa hiyo utando utaonekana samawati tupu hata pale ambapo kifaa kitawaka chungwa.

Pima rangi kwenye mwangaza utakaotumika, kwa mfano kandela 1000 kwa mita ya mraba. Volti zikiwa chini, chungwa hutawala, kwa kuwa mitego yake inanasa karibu kila kinachopita. Volti zikipanda mitego inajaa na samawati inachomoza. Ukiona rangi inahama sana kati ya kandela 100 na 1000, punguza chungwa na ukubali kwamba mwanga wa chini utakuwa na joto kidogo.

Ukitaka buluu halisi

DMAC-DPS ya kundi la Adachi, iliyochapishwa mwaka 2014, ni TADF na inatoa buluu iliyokolea kuliko FIrpic, karibu na (0.16, 0.20). Usiibadilishe tu katika mapishi ya juu. Tripleti yake iko karibu na eV 2.9, juu ya OXD-7 na juu ya TPBi, na zote mbili zitaizima. Ondoa OXD-7, na weka nanomita 10 za DPEPO, kemikali yenye tripleti ya juu, kati ya tabaka la mwanga na TPBi. DPEPO huharibika upesi, kwa hiyo kifaa hiki ni cha kupimia ufanisi, si cha kupimia umri.

Njia nyingine ni molekuli bapa za boroni na nitrojeni alizozianzisha Takuji Hatakeyama: DABNA mwaka 2016, na ν-DABNA mwaka 2019, yenye kilele karibu na nanomita 470 na upana wa nanomita 18 tu, bila bega lolote. Kwa skrini huo ni utajiri. Kwa taa nyeupe ni hasara, maana pengo la kijani linabaki wazi na itakubidi uongeze rangi ya tatu. Ubapa wake unaifanya iyeyuke kwa shida na ipende kulaliana, kwa hiyo anza na asilimia 1 na usipite 5. Ikizidi, molekuli zinagusana, spektra inanenepa, na ule wembamba ulioinunulia unapotea.